Namna ya kutunza mngurumo wa ndege za zamani ukiwa Busunzu

Busunzu hatuna uwanja wa ndege, na kwa mtu anayependa ndege hiyo ni bahati. Alfajiri, kabla pikipiki hazijaanza kuranda barabara ya Kasulu na Kibondo na kabla mashine ya kusaga haijawashwa, huku vilimani kuna utulivu ambao aliyepo Dar es Salaam hawezi kuununua. Ndege ikipita juu kabisa, ile unayoiona mstari mweupe tu, unaisikia. Basi mapenzi ya ndege yaanze kwenye sikio.

Tafuta mahali pa wazi, kama shamba la mihogo lililokwisha kuvunwa au kilele kisicho na miti. Ukiona mstari mweupe unakuja, ngoja ndege ifike utosini, kisha anza kuhesabu taratibu, sekunde kwa sekunde. Usiache mpaka mvumo nao ufike utosini. Gawanya kwa tatu, utapata kilomita. Ukifika 30, ndege iko kama kilomita 10 juu yako. Wengi hutazama pale sauti inapotokea wakakuta anga tupu, kwa sababu ndege yenye mwendo wa kilomita 900 kwa saa imekwisha kutangulia zaidi ya kilomita 7. Itafute mbele ya sauti.

Ukishazoea utagundua kwamba mvumo wa siku hizi ni mpole. Wazee watakwambia zamani haikuwa hivyo, nao wanasema kweli. Injini ya jeti ya zamani iliivuta hewa ikaipitisha yote au karibu nusu yake kwenye moto, ikaitema nyuma kwa kasi kali kupitia tundu jembamba. Hewa hiyo ikichanganyika kwa nguvu na hewa tulivu ya nje, hapo ndipo palipozaliwa ule mlio wa kupasua. Injini ya sasa ina feni kubwa mbele, na hewa nyingi hupita pembeni ya moto kwa mwendo wa taratibu. Kwenye Boeing 737-200 ambazo Air Tanzania ilizipata mwishoni mwa miaka ya 1970, hewa ya pembeni ilikuwa karibu sawa na ile ya motoni. Kwenye Airbus A220-300 zake za leo, hewa ya pembeni ni kama mara 12. Hata macho yanatosha kukupa jibu: injini nyembamba kama sigara iliyobanwa chini ya bawa ni ya zamani, yenye mdomo mpana kama pipa ni mpya.

Marekani ilizifungia jeti kubwa za kelele zaidi mwishoni mwa 1999, na Ulaya ikafuata Aprili 2002. Baadhi zilihamia kutafuta riziki kwetu Afrika, hata Kongo. Niseme wazi kwamba sitamani zirudi kubeba abiria. DC-9 iliyoanguka Goma tarehe 15 Aprili 2008 iliparamia makazi ya watu na kuua wengi. Ninachotaka kibaki ni sauti, na sauti hiyo kwa sasa imo vichwani mwa watu wenye mvi.

Hapo ndipo kazi kubwa ilipo, na huku kwetu inawezekana. Vijana wengi wa Buha, nchi yetu ya Waha, walikwenda Tanga kukata mkonge, wengine wakaishia Dar es Salaam na kupanga Kipawa, jirani na uwanja. Mtafute mmoja aliyerudi nyumbani. Msalimie, keti, msaidie kupukuchua mahindi kama ndiyo anayofanya. Usimwulize, "Babu, ilikuwa ndege gani?" Atakujibu, "Ndege ya wazungu," na mazungumzo yatakwisha. Mwulize alikuwa wapi, anafanya nini, na ndege ilipopita kulitokea nini ndani ya nyumba. Mzee mmoja wa kwetu nilimwuliza hivyo. Aliweka gunzi chini, akainua viganja viwili mpaka kwenye masikio bila kuyaziba, akakaa hivyo kama anayesikiliza. "Ilikuwa inapasua," akasema. "Unamnyamazia mwenzako kwanza. Sufuria zinalia kwenye kichanja. Ikishapita ndipo unamalizia neno lako."

Kisha mpime kwa miaka, kwa heshima. Shirika la East African Airways lilianza 1946 na kufa 1977, na Air Tanzania ikazaliwa mwaka huo huo. Akikutajia Air Tanzania kabla ya hapo, ilikuwa ile ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Akikumbuka injini nne zilizobanana mkiani, mbili kila upande, huyo huenda aliiona Super VC10, ambayo East African Airways ilianza kuirusha 1966. Akikumbuka filimbi kali na mapanga yanayozunguka, huenda ni Fokker Friendship, ambayo si jeti ya kawaida ila masikio ya watu hayakuisahau. Herufi ubavuni nazo zinasaidia: 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda.

Unaporekodi kwa simu, chagua sauti isiyobanwa, yaani faili la WAV kama programu yako inalo. Zima mpangilio unaopandisha na kushusha sauti wenyewe, maana huo huua tofauti ya mlio wa mbali na wa karibu. Funika maikrofoni kwa kipande cha sponji la godoro ili upepo usivume ndani yake. Anza kwa kutamka tarehe, saa na mahali. Usizime ndege inapopita. Subiri dakika mbili, mkia wa mvumo ndio mtamu. Siku hiyo hiyo nakili faili kwenye kadi nyingine. Nilipoteza maelezo ya bibi mmoja kwa sababu yalikuwa kwenye simu moja tu, simu ikafa, na bibi hakuwapo tena wa kuulizwa. Ukifika uwanja wa Kigoma, omba ruhusa kwanza kabla ya kutoa kamera.

Wenye ndugu Uingereza wana neema ya pekee. Super VC10 nne za East African Airways zilinunuliwa baadaye na jeshi la anga la huko zikafanywa ndege za kujazia wenzao mafuta angani. Iliyoandikwa 5H-MOG, VC10 ya mwisho kuundwa, ilitua Dunsfold tarehe 24 Septemba 2013. Iliyoandikwa 5H-MMT ilitua Bruntingthorpe kesho yake, na hiyo ndiyo safari ya mwisho ya VC10 yoyote duniani. Ilianza maisha yake na herufi za Tanzania. Mwombe ndugu yako akutafutie sauti ya siku hiyo akutumie, kisha mpelekee yule mzee, mwekee simu sikioni, urekodi atakachosema. Mpelekee jioni hii akiwa bado anasikia.