FIZIBLI IMEUNGUA: TUTIE GANI?



Mara nyingi umeme unakatika katika chumba kimoja tu, na wengine wanasema mbio: « Tieni fizibli kubwa, haitaungua tena! » Neno hili ni hatari. Leo tujifunze sababu yake.

1. Kazi ya fizibli
Ndani ya fizibli muko waya mwembamba. Umeme ukipita kipimo, waya ule unayeyuka na njia inakatika. Basi fizibli ni mlinzi. Inakufa yenyewe kusudi waya wa ukutani usiungue. Kumbukeni vizuri: joto la waya linaongezeka kuliko umeme wenyewe. Ampere zikiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne.

2. Hesabu
Kanuni iko fupi: ampere = wati kugawanya na volti.
Pasi ya wati 1000 kwa umeme wa volti 220: 1000 : 220 = 4,5 A. Fizibli ya 5 A inatosha.
Lakini redio ya wati 24 kwa batri ya volti 12: 24 : 12 = 2 A. Mnaona? Wati ni chache, lakini ampere si ndogo sana, kwa sababu volti ni chache.

3. Mfano wa chumba cha kulala
Tuseme waya wa ukutani ni wa shaba, milimeta mraba 1,5, na fizibli yake ni 10 A. Mmoja anatia pasi ya wati 1000, mwenzake anatia resho ya wati 1500. Jumla ni wati 2500, ndio kusema 11,4 A. Zikikaa kwa muda, fizibli inaweza kuungua, na ni haki yake. Sasa mtu akitia ya 20 A, vyombo vyote viwili vitawaka, watu watafurahi. Na wakiongeza chombo cha tatu, fizibli itanyamaza, na waya ndani ya ukuta utapata moto polepole, hata usiku watu wakilala. Dawa si fizibli kubwa. Dawa ni kuondoa resho.

4. Namna ya kuchagua
a) Soma maandiko kwenye fizibli ya zamani au kwenye chombo. Ampere ziwe zilezile.
b) Volti za fizibli zisiwe chini ya volti za umeme. Fizibli ya motokari ya volti 32 hapana kutia kwenye volti 220: hata ikiyeyuka, cheche inaweza kuendelea kupita.
c) Tazama herufi. F ni ya kukata upesi. T ni ya kungoja kidogo, kwa vyombo vyenye kuvuta umeme mwingi wakati wa kuanza, kama vile motere. Usibadilishe moja kwa ingine.
d) Urefu na unene viwe sawa, isilegee mahali pake.

5. Makatazo
Karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, musumari, waya wa kuokota: vyote hivi si fizibli. Havina kipimo. Mwenye kuvitia amemfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi.

Mbele ya kugusa, kata umeme kwanza, chomoa chombo. Kisha tafuta sababu iliyounguza ya kwanza. Ya pili ikiungua palepale, usitie ya tatu. Ita fundi.

Mazoezi
1. Televizyo ya wati 110 kwa volti 220 inavuta ampere ngapi?
2. Taa za wati 60 kwa batri ya volti 12?
3. Katika sanduku munabaki fizibli za 2 A, 6,3 A na 16 A tu. Taa zile za namba 2 mtazitilia gani, na kwa nini si ile ya 16?

Majibu: 1) 0,5 A. 2) 5 A. 3) 6,3 A, kama waya unaweza kuibeba. Ile ya 2 A itaungua mara moja, na ya 16 A itaacha waya uungue mbele yake.