Kasuku Anayetoa Kinyesi cha Majimaji

*Kasuku wangu tangu juzi anatoa kinyesi cha majimaji. Anakula na kupiga kelele kama kawaida. Je, anaharisha? Msomaji, Tanga.*

Kinyesi cha kasuku mzima kina sehemu tatu zinazotoka pamoja: kamba laini ya kijani au kahawia, uji mweupe kama chokaa, na mkojo usio na rangi. Maji yakizidi na kamba ikabaki na umbo lake, huo ni mkojo mwingi, si kuharisha. Mara nyingi chanzo ni tikitimaji, chungwa au hofu. (Bitiruti nayo hukipaka kinyesi wekundu unaotisha bure.) Matunda yasimamishwe siku moja, karatasi nyeupe itandikwe chini ya tundu na kukaguliwa asubuhi. Maji yakiendelea, daktari wa mifugo amwone.

Sehemu nyeupe ikigeuka manjano au kijani, huenda ini limeathirika, pengine kwa homa ya kasuku, ambayo huambukiza watu. Kwa sababu hiyo, kinyesi kikavu kiloweshwe kabla ya kusafishwa. Kinyesi cheusi kama lami huashiria damu. Ndege huficha ugonjwa, hivyo aliyetutumua manyoya, asiyekula au anayekaa kwenye sakafu ya tundu apelekwe siku hiyohiyo, bila kupewa antibiotiki za binadamu.