Mwangwi Ndani ya Sanduku: Tusome Mchoro wa Saketi

Wengi wetu tukionyeshwa mchoro wa saketi katika somo la Fizikia hufunga kitabu mara moja. Eti ni utando wa buibui! Leo nataka tuusome mmoja pamoja. Nimechagua kifaa cha mwangwi wa gitaa kilichotolewa na kampuni ya Fender, California, Marekani, mwaka wa 1961. Wapiga gitaa wa huko, kama Dick Dale, walikipenda kwa kuwa kilifanya gitaa lisikike kana kwamba linapigwa ukumbini.

Njia yangu ni hii: usianze kuhesabu vipande. Ifuate sauti tangu inapoingia mpaka inapotoka, na kila kipande ukiulize, "Wewe wafanya kazi gani hapa?"

Haya, twende. Sauti ya gitaa huingia ikiwa umeme dhaifu. Hukuzwa na valvu, ile chupa ya kioo iliyokuwa ndani ya redio za zamani. Kisha njia hugawanyika. Sehemu moja ya sauti huenda moja kwa moja kuelekea mlango wa kutokea. Nyingine hupelekwa kwenye springi za chuma. Koili na sumaku huzitikisa springi upande mmoja, na upande wa pili koili nyingine huugeuza mtikisiko kuwa umeme tena. Safari hiyo huchukua kama milisekunde 35. Hewani sauti hutembea mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo huo ni muda wa mita 12: kwenda kwenye ukuta ulio mita sita na kurudi. Hapo ndipo sikio linapodanganywa! Tena mtikisiko hauishi mara moja. Huenda na kurudi springini ukififia polepole.

Lakini mbona kabla ya springi kuna valvu kubwa, 6K6, pamoja na transfoma, kana kwamba kuna spika ya kuendeshwa? Jibu ni kwamba springi nazo ni mzigo. Koili yake ina ukinzani wa omu 8 hivi na yataka mkondo mkubwa, ilhali valvu hutoa volteji kubwa na mkondo mdogo. Transfoma ndiyo mshenga wa kuzipatanisha. Tuchukue mfano wa mizunguko 30 kwa 1. Ukinzani hukua kwa mraba wa uwiano huo: 30 × 30 × 8 = omu 7,200. Mzigo kama huo 6K6 inaumudu.

Ikitoka springini, sauti imechoka kabisa. Ndiyo maana kuna valvu ndogo ya kuikuza upya kabla haijachanganywa na ile iliyopita njia ya mkato. Sasa vinobu vitatu vinajieleza vyenyewe: kimoja ni cha nguvu ya kuzitikisa springi, kingine cha toni ya mwangwi, na cha tatu cha kiasi cha mwangwi katika mchanganyiko.

Tahadhari jamani! Mimi nimetumia penseli na karatasi tu. Kapasita za kifaa cha valvu zaweza kubaki na mamia ya volti hata plagi ikishachomolewa. Mchoro hauumi, lakini kifaa chaweza kuua. Mwachieni fundi akifungue.

Zoezi: waya unaotoka springini ukikatika, utasikia nini? Gitaa litalia kama kawaida, ila bila mwangwi. Kama ulijibu hivyo kabla ya kunisoma, basi utando wa buibui umekwisha kuufumbua.