Mafuvu ya Oldupai na kosa la kuwapanga watu madaraja

Msafiri anayetoka Karatu mjini, akapanda Ngorongoro na kuteremka upande wa Serengeti, hupita jirani na Bonde la Oldupai, ambalo wengi tumelisoma shuleni kwa jina la Olduvai. Kwa Waislamu wengi bonde hilo likitajwa, mjadala huishia kwenye swali moja: je, binadamu ametokana na nyani? Swali hilo lina nafasi yake. Lakini lipo jingine ambalo limewaumiza Waafrika zaidi: ilikuwaje nadharia ya viumbe ikageuzwa kipimo cha kusema nani ni mtu kamili na nani bado?

Kilichopatikana bondeni

Kitabu cha Charles Darwin juu ya asili ya viumbe kilitoka mwaka 1859. Hoja yake kwa ufupi ni kuwa viumbe wa aina moja hutofautiana, na wale ambao tofauti zao zinawafaa mahali wanapoishi huacha kizazi zaidi, hivyo sifa zao huenea. Mwaka 1871 akakisia kuwa wazee wa mwanzo wa binadamu yaelekea waliishi Afrika. Wengi Ulaya walitaka iwe kwao. Mwaka 1912 likatangazwa fuvu la Piltdown, Uingereza, nalo likapokewa kwa furaha. Mwaka 1953 wanasayansi wenyewe walithibitisha kuwa ni la kughushi.

Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona pale Oldupai fuvu ambalo mumewe, Louis, aliliita Zinjanthropus. Zinj ni neno la Waarabu wa kale kwa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Umri wa fuvu hilo unakadiriwa kuwa miaka milioni 1.75. Baadaye wanasayansi waliona kuwa kiumbe huyo hakuwa babu wa watu wa leo, bali tawi la pembeni lililotoweka. Kwa hiyo anayemwita Zinj babu yetu, hata sayansi hajaifuata.

Ama kuhusu kuumbwa kwa Nabii Adam (AS), itikadi ya Muislamu inatokana na wahyi, haisubiri mfupa uchimbuliwe. Wanachuoni wa zama zetu wana mitazamo tofauti juu ya namna ya kuyasoma mabaki hayo. Muislamu hana sababu ya kuogopa kuyatazama.

Palipoharibika

Ndugu msomaji, zingatia neno "kufaa". Samaki anafaa majini, ngamia anafaa jangwani. Hakuna hapo aliye bora kwa jumla. Lakini neno hilo halikubaki kwa samaki na ngamia. Herbert Spencer alieneza kauli kuwa anayebaki ni yule anayefaa zaidi, na wenye nguvu wakaisoma kuwa aliyeshinda ndiye aliyestahili. Francis Galton, binamu yake Darwin, mwaka 1883 aliipa jina elimu ya kuboresha kizazi cha binadamu, yaani walio "bora" wazae na walio "duni" wazuiwe. Darwin mwenyewe alichukia utumwa, lakini naye aliandika kuwa mataifa yaliyostaarabika yatakuja kuwafuta wale aliowaita washenzi.

Fikra hizo zilifika kwetu. Nairobi, katika miaka ya 1930, daktari F. W. Vint alichunguza bongo za Waafrika waliokufa, akadai kuwa ubongo wa Mwafrika mtu mzima umefikia kiwango cha mtoto wa kizungu wa miaka 7 au 8. Madai ya namna hiyo yakatumika kuhoji faida ya kumsomesha Mwafrika.

Ujerumani, sheria ya mwaka 1933 ilisababisha maelfu kwa maelfu ya watu kufungwa uzazi kwa nguvu. Huko ndiko alikokuwa akiishi Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyekuwa akisaidia kufundisha Kiswahili Berlin. Alikamatwa mwaka 1941 kwa tuhuma za uhusiano na mwanamke wa kizungu, akafia katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944.

Eyasi leo

Turudi Karatu. Kandokando ya Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, watu wapatao elfu moja na ushei. Baadhi yao bado wanaishi kwa upinde, asali, mizizi na matunda ya porini. Watalii hupelekwa kuwatazama, wakiambiwa kuwa hao ni watu wa zama za mawe. Kauli hiyo ni makosa hata kwa kipimo cha Darwin. Wahadzabe ni binadamu wa leo kama alivyo mtu wa Kariakoo, na vizazi vilivyopita nyuma yao si vichache kuliko vilivyopita nyuma yetu.

Kosa hilo lina gharama. Mtu akishahesabiwa kuwa ni masalia ya kale, ardhi yake huonekana haina mwenyewe. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilipewa nafasi katika bonde la Yaeda, jirani na Eyasi, wanakoishi pia Wahadzabe. Ilijiondoa baada ya malalamiko. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda wakapata hati ya kimila ya ardhi yao.

Tujitazame na sisi

Wala tusimtwishe Darwin mzigo wote. Pwani yetu ilikuwa na maneno uungwana na ushenzi kabla hajazaliwa. Waliotekwa bara wakauzwa Zanzibar waliitwa washenzi na watu waliokuwa wakiswali swala tano. Hali ya kuwa Sura ya al-Hujurat, aya ya 13, inatufundisha kuwa asili yetu ni mume mmoja na mke mmoja, kwamba makabila yapo ili tujuane, na kwamba ubora mbele ya Allah ni ucha Mungu.

Basi mzazi au mwalimu wa madrasa akiulizwa na kijana juu ya Darwin, asiishie kukanusha nyani. Amfundishe kutenganisha utafiti wa mifupa na dharau iliyovishwa joho la utafiti. Kisha amwulize: Mhadzabe akija mjini kwetu, akaingia msikitini, nani atasogea ampe nafasi kwenye safu?