Kiatu Kinachobana Hakimaliziwi
Kijitabu cha kaya kuhusu viatu vya watoto wanaokua

Kwa mzazi na mlezi

Ikifika Agosti na Septemba, zahanati hupokea watoto wa shule wenye shida zile zile. Ukucha wa kidole gumba umezama nyamani na unatoa usaha. Malengelenge yamepasuka kisiginoni. Kidonda kidogo cha mguu kimeleta mtoki, mtoto anachechemea. Ukiuliza, viatu vilinunuliwa Januari, au Januari ya mwaka juzi. Mtoto amekua, na nyumbani ameambiwa: "Vimalizie kwanza hivyo, shule ikifungwa tutaona."

Ndiyo maana kijitabu hiki kimeandikwa. Kama una nafasi ya kusoma ukurasa mmoja tu, soma huu. Kiatu kinachobana hakimaliziwi, hata kama soli yake bado nzima, hata kama ulikinunua kwa bei ya kuumiza.

Usimuulize mtoto. Pima.

Mifupa ya mguu wa mtoto bado ni laini, hufuata umbo la kiatu. Kwa kuwa ni laini, mtoto mdogo anaweza kubanwa kwa muda mrefu bila kusikia maumivu makali. Anakunja vidole ndani ya kiatu na kuendelea kucheza. Siku anapolalamika, kiatu kimeshambana zamani, na vidole vilivyozoea kukunjwa vinaweza kubaki hivyo hadi ukubwani.

Swali la "vinakubana?" halisaidii. Aliyeshika kiatu kipya dukani atajibu hapana, anaogopa kisirudishwe rafuni. Aliyevaa cha zamani naye atajibu hapana, maana amewasikia wakubwa wakisema hela hakuna. Watoto wanatuonea huruma kuliko tunavyodhani. Usiulize, pima.

Kupima kwa chelewa

Huhitaji kifaa cha duka. Chomoa njiti moja nene ya ufagio wa chelewa.

Pima jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo baada ya kutwa nzima ya kutembea. Mtoto asimame wima kwenye sakafu ngumu, uzito wote kwenye miguu, kisigino kimeegemea ukuta. Usimpime akiwa amekaa: mguu usiobeba uzito huwa mfupi. Laza chelewa sakafuni pembeni ya mguu, ncha moja iguse ukuta. Angalia kidole kirefu kuliko vyote kimefika wapi, na uangalie vizuri, maana kwa watoto wengine kidole cha pili ndicho kirefu. Kutoka hapo ongeza upana wa kidole chako cha shahada, yaani kama sentimita 1 na nusu. Vunja hapo.

Pima na mguu wa pili. Miguu ya mtu mmoja mara nyingi hailingani. Tumia chelewa ya mguu mrefu.

Sasa itie chelewa ndani ya kiatu, ilale chini kabisa, kutoka kisiginoni hadi mbele. Ikijipinda, kiatu ni kifupi, kirudishe. Ikiingia ikagusa mbele bila kujipinda, urefu unafaa. Ikiogelea na kubakiza nafasi ya kidole kingine kizima, kiatu ni kikubwa mno.

Njia hii inafaa zaidi kwa viatu vyeusi vya shule vya ngozi ngumu. Watu wengi hubonyeza kwa mbele kutafuta kidole cha mtoto, lakini ngozi ngumu haibonyei, na mtoto naye hukunja vidole akibonyezwa. Kama soli ya ndani inatoka, itoe, mtoto aikanyage akiwa amesimama. Utaona mwenyewe kama vidole vinafika ukingoni au vinamwagika pembeni.

Usipime kwa uzi wala mpira wa nguo. Huvutika.

Baba au mjomba akiwa mjini na viatu vinakuja kwa basi, mtumie chelewa, au mpigie umtajie sentimita za mguu. Usimwambie "ana miaka minane." Watoto wa miaka minane hawana mguu mmoja. Mguu wa sentimita 20 huangukia karibu na namba 32, lakini viwanda havifanani, namba 32 ya huyu ni 31 ya yule. Namba inakusaidia kuanzia tu. Kipimo ndicho cha kuamini.

Mara ngapi

Chini ya miaka 3: kila baada ya miezi miwili.
Kuanzia miaka 3 mpaka aanze darasa la kwanza: kila baada ya miezi mitatu au minne.
Wa shule ya msingi: kila shule inapofungwa, bila kukosa.

Mguu wa mtoto wa shule ya msingi huongezeka karibu sentimita 1 kwa mwaka, na wengine huchomoka ghafla ndani ya miezi michache. Kiatu kilichomfaa Januari, kikiwa na nafasi ya kidole kimoja, kinaweza kumfikisha karibu na mwisho wa mwaka. Kilichomtosha sawasawa Januari, bila nafasi, Juni kimeshakwisha kazi. Nafasi ya mbele ikibaki nusu ya kidole, anza kutafuta kingine. Usingoje iishe.

Dalili za kuona ukiwa nyumbani

Mtoto anakanyaga kisigino cha kiatu, anakivaa kama ndala. Hapa naomba wazazi wanisikilize. Wengi humchapa mtoto kwa kuharibu kiatu. Kabla ya kumgusa, chukua chelewa upime. Mara nyingi amekandamiza kisigino kwa sababu mguu hauingii, na hiyo ndiyo njia pekee aliyoiona ya kufika shule.

Anavua viatu njiani na kuvibeba mkononi. Anachelewa nyuma ya wenzake wakati wa kurudi. Ana alama nyekundu juu ya vidole au kisiginoni ambazo hazifutiki upesi baada ya kuvua. Sugu imeota juu ya kidole kidogo. Ngozi ya kiatu imetuna palipo na vidole. Soksi zinatoboka mbele kila wiki.

Ukiona moja kati ya haya, pima jioni hiyo hiyo. Kiatu kinachobana hakimaliziwi.

"Vitalegea vyenyewe"

Havilegei. Ngozi halisi inaweza kuachia kidogo upana, ila urefu hauongezeki. Plastiki haiachii kitu. Kulowesha kiatu, kukijaza magazeti usiku au kukipaka mafuta hakumpi mtoto hata punje ya urefu. Kiatu kipya kimfae siku ile ile ya kwanza, miguu yote miwili, akiwa na soksi zake za shule, amesimama na ametembea mbele yako mpaka mlangoni na kurudi.

"Akue navyo"

Huu ni upande wa pili wa kosa lile lile la kutopima. Mzazi ananunua namba tatu zaidi, anajaza pamba au tambara mbele, anasema vitafika darasa la tano. Mguu unateleza ndani, kisigino kinachubuka, mtoto anaburuta miguu na kujikwaa kwenye ngazi. Akivuka barabara hawezi kukimbia. Kiatu kikipwaya, soli huliwa upande na huisha kabla mguu haujakifikia, kwa hiyo hata hela uliyotaka kuokoa imepotea.

Nafasi ya kidole kimoja mbele. Basi.

Mtoto ambaye hajaanza kutembea

Hahitaji viatu. Kukiwa na baridi soksi pana zinatosha, ila zigeuze ndani nje kwanza: uzi uliolegea unaweza kujiviringisha kwenye kidole cha mtoto mchanga na kukata damu.

Aliyeanza kutembea

Ndani, kwenye sakafu safi, mwache atembee peku. Ni vizuri kwa miguu yake. Nje avae, kwa ajili ya minyoo ya safura, funza, misumari na chupa.

Mtumba na viatu vya kurithi

Sina neno baya kwa mtumba. Masoko ya Karume, Memorial ya Moshi, Mlango Mmoja Mwanza, kote huko unaweza kupata kiatu kizuri cha ngozi kwa bei nafuu kuliko kipya cha plastiki. Lakini kiatu kilichovaliwa kimeshachukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza, kwa hiyo kikague.

Kiweke mezani, uinamishe macho usawa wa kisigino, ukitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande, kiache. Tia mkono ndani: kama kuna mabonde ya vidole vya mtu mwingine, kiache. Bonyeza kisigino: kama kimelainika kama kitambaa, kiache. Kunja soli: ikunjike mbele, pale vidole vinapokunjika, ikikunjika katikati, kiache. Kamba au mkanda uwepo na ufunge, maana kiatu kisichofunga humlazimu mtoto akishike kwa kukunja vidole. Mbele kiwe kipana. Visigino virefu vya sherehe usimnunulie mtoto.

Cha kaka au dada yake kikaguliwe hivyo hivyo, na kipimwe kwa chelewa. Kuwa wa ndugu hakukifanyi kimfae. Kama aliyekivaa ana fangasi ya miguu, atibiwe kwanza, na kiatu kisafishwe kwa sabuni, kianikwe mpaka kikauke kabisa ndani.

Ndala na yeboyebo

Za kuogea na za uani. Si za safari ndefu ya shule, na si za kupanda baiskeli. Mtoto anayebebwa nyuma ya baiskeli bila kiatu cha kufunika mguu anaweza kuingiza kisigino kwenye spoku, na majeraha hayo ni mabaya sana.

Hela ikiwa haipo

Najua hapa ndipo penye tatizo lenyewe. Madaftari na unga vinagombania noti moja. Hata hivyo, kiatu kinachobana hakimaliziwi. Zipo njia za kufanya wakati unatafuta.

Badilishaneni na majirani. Viatu vilivyombana wa kwako vinamfaa mdogo wa jirani, na mkubwa wa jirani ana vilivyombana yeye. Anzeni kwenye kikoba au jumuiya: siku moja kila shule inapofungwa, kila mmoja alete viatu na chelewa ya mtoto wake.

Mpelekee fundi viatu akate mbele, vidole vipate hewa. Havitapendeza, lakini mguu utapona. Au mnunulie katambuga zenye mkanda wa nyuma.

Mwandikie mwalimu mkuu barua fupi, au nenda mwenyewe, umweleze kwamba viatu vyeusi vimembana mtoto na unatafuta vingine. Walimu watakaosoma hapa: mtoto aliyekuja na viatu vya kukatwa mbele asirudishwe nyumbani.

Kidonda kimeshatokea

Kiatu kilichomtoa kidonda asikivae tena. Ukimvalisha kesho yake, dawa yoyote utakayompa ni bure.

Osha kwa maji safi na sabuni, kausha, funika kwa kitambaa safi, badilisha kila siku. Lengelenge usilipasue. Usipake majivu, unga wa betri, dawa ya meno wala oili. Usifungue kidonge cha rangi mbili ukamwagia unga wake. Usichokonoe ukucha uliozama kwa pini wala wembe. Kucha za miguu zikatwe moja kwa moja kwa mbele, pembe zisichongwe kwa mviringo, maana hapo ndipo zinapoanza kuzama. Wembe usitumike kwa watoto wawili.

Angalia kadi ya kliniki. Chanjo ya pepopunda huanza kutolewa mtoto akiwa na wiki 6, kisha 10 na 14. Kama alikosa, sema zahanati.

Nyayo bapa

Kwa mtoto mdogo ni kawaida. Kama haumwi na anakimbia vizuri, usinunue viatu maalumu.

Usisubiri kesho

Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo ukiona wekundu unaosambaa au mstari mwekundu unaopanda mguuni, usaha, uvimbe, mtoki au homa. Taya likikaza, au akishindwa kumeza, usipitie popote, nenda hospitali.

Mtoto mwenye kisukari au selimundu apelekwe kwa kidonda chochote cha mguu, hata kidogo. Vivyo hivyo mwenye ganzi au baka lisilosikia kuguswa: huyo hatajua kiatu kinambana.

Mtoto anayechechemea akiwa na homa, au anayeendelea kuchechemea hata baada ya kubadilishiwa viatu, usiendelee kulaumu viatu. Mlete zahanati apimwe, na uje na viatu vyake vya shule mkononi, hata kama vimechakaa.