Dondoo muhimu: Baiskeli ya titani ya kupimwa

Pimwa kwanza: miguu, kiwiliwili, mikono. Fremu haikatwi upya kama suruali.

Ukiishi Kilimani, utapanda Ngong Road kuelekea Karen na vilima vya Ngong. Omba nafasi ya tairi za milimita 32. Mashimo yetu hayajali bei ya baiskeli. Beringi za mhimili wa pedeli ziwe za kukazwa kwa kuzungusha, si za kugongomewa, ili fundi wa mtaani aziweze. Kagua mishono ya kuchomelea: ikimeta kama fedha ni safi, ikiwa ya bluu au kijivu cha unga, hewa iliingia.

Mchanga wa titani ulichimbwa Kwale hadi Desemba 2024, lakini fremu utaagiza ng'ambo. Ulizia ushuru wa forodha kabla ya kulipa amana.