KILIMA NI KIPIMO CHA AFYA

Sisi wa Songea tunaishi na vilima. Mashariki ya mji iko milima ya Matogoro, unakoanzia Mto Ruvuma. Mtu akifika juu husimama kutazama mabonde na mashamba. Mwingine husimama kwa sababu pumzi imemwishia. Somo letu linahusu pumzi hiyo.

Kwa nini tunahema?

Moyo una ukubwa kama wa ngumi ya mwenyewe. Kazi yake ni kusukuma damu. Njia inapopanda, misuli ya miguu huhitaji hewa zaidi. Mapafu huvuta hewa upesi, na moyo hupiga upesi ili damu iifikishe miguuni. Huo si ugonjwa. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo 60 hadi 100. Kilimani huzidi, na baada ya kupumzika hushuka.

Wakati gani ni dalili mbaya?

Mfikirie mama aliyezoea kupandisha debe la mahindi kutoka bondeni bila kutua. Mwaka huu anatua mara tatu. Majirani wanasema amekuwa mvivu. Wasiseme hivyo kabla hajapimwa! Vuta chini kope la jicho lake. Ndani pakiwa peupe badala ya pekundu, huenda amepungukiwa damu kwa sababu ya malaria, safura, ujauzito au chakula duni.

Nenda zahanati ukiona haya:

1. Kilima ulichokizoea sasa kinakushinda.
2. Unakohoa kwa wiki mbili au zaidi. Huenda ni kifua kikuu.
3. Miguu inavimba, au ukilala chali unakosa pumzi.

Kifua kikibana kwa maumivu, au mtu akizimia, asimalizie kilima. Apumzishwe, kisha apelekwe hospitali mara moja.

Mwenye afya apande mwendo ambao bado anaweza kuzungumza na mwenzake. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima waushughulishe mwili kwa nguvu ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Njia ya shambani yatosha.

Maswali

1. Kwa nini moyo hupiga upesi kilimani?
2. Nani kijijini kwenu siku hizi anatua mzigo njiani? Je, amepimwa?